Mipango Mkakati Tunayo, Mkakati Hatuna

Nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita nilikuwa miongoni mwa watu sita walioitwa kuandika mpango mkakati wa miaka mitano wa taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Tulipelekwa Morogoro, tukawekwa hotelini siku kumi, tukalipwa posho. Siku ya kwanza mkuu wa taasisi alifungua kikao, akatuambia anataka waraka wenye hadhi ya kimataifa, kisha akapanda gari akarudi Dar es Salaam. Hatukumwona tena mpaka siku ya kufunga. Siku ya tatu mmoja wetu aligundua kwamba rasimu tuliyokuwa tukiihangaikia ilikuwa mpango wa taasisi nyingine uliobadilishwa jina. Mahali pamoja, katikati ya aya, jina la zamani lilikuwa limesahaulika. Tulicheka, tukalifuta, tukaendelea. Nami nilicheka. Nami nilitia saini karatasi ya posho.

Waraka ule ulikuwa na dira, dhima, maadili ya msingi manane, malengo makuu tisa na shabaha zaidi ya sitini. Kila idara ilipewa lengo lake ili asinung'unike mtu. Neno moja tu halikuwamo: hapana. Hapakuwa na jambo hata moja ambalo taasisi ile iliamua kutolifanya. Ulizinduliwa kwa keki na picha za pamoja, ukawekwa kabatini, na sina habari kwamba kuna aliyeufungua tena mpaka ulipofika wakati wa kuandika mwingine.

Nasimulia haya kwa sababu sipendi kuwanyooshea wengine kidole huku nikiuficha wangu. Lakini hoja yangu leo ni kubwa kuliko aibu yangu. Nadai kwamba mashirika yetu, ya umma na ya binafsi, hayafi kwa kukosa mipango mkakati. Yanakufa yakiwa nayo mkononi. Nadai pia kwamba mjadala tulioung'ang'ania kwa miaka thelathini, wa kama shirika liwe la serikali au la mtu binafsi, umetupotezea muda, maana umetuzuia kuuliza swali lenye uzito zaidi: nani anaongoza, amechagua nini, na amekataa nini?

Ushahidi wangu ni wa angani, kwa kuwa huko makosa hayafichiki kwa muda mrefu.

Mwaka 1946 mashirika mawili ya ndege yalianza kuruka katika upande huu wa Afrika. Moja lilikuwa East African Airways, mali ya pamoja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar chini ya ukoloni. La pili lilikuwa Ethiopian Airlines, lililoanzishwa mwishoni mwa 1945 na serikali ya Mfalme Haile Selassie kwa mkataba wa uendeshaji na kampuni ya Marekani, TWA. Yalikuwa marika. Kama ungemuuliza mtu mwenye akili timamu katika miaka ya sitini lipi kati yao lingeitawala anga ya bara hili, huenda angelitaja la kwanza: lilikuwa na mataifa matatu huru nyuma yake, lilikuwa na watalii, lilikuwa na ndege za Super VC10 zilizokwenda London.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika lile likafa pamoja nayo. Mwaka huohuo walizaliwa watoto wawili wa mama mmoja: Kenya Airways na Shirika la Ndege la Tanzania, ATC. Tangu hapo ndugu hawa wawili walilelewa kwa mafundisho tofauti kabisa, jambo linalotupa nafasi adimu ya kulinganisha.

Mtoto wa Tanzania alibaki mikononi mwa dola. Mwaka 2002, katika wimbi la kurekebisha mashirika ya umma, serikali iliuza asilimia 49 ya hisa zake kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini kwa dola milioni 20. Tuliambiwa tumepata mbia wa kimkakati. Ni kweli mkakati ulikuwapo, ila ulikuwa wa mbia. Yeye alikuwa na kituo chake kikuu Johannesburg na alijua anachokitafuta kaskazini mwake. Sisi tulijua tu kwamba tunataka mtu atutoe kwenye shida. Anayeingia kwenye ubia bila kujua anakwenda wapi hupelekwa anakokwenda mwenzake. Mwaka 2006 ubia ulivunjika, serikali ikazirudisha hisa mikononi mwake, na Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikasitisha cheti cha shirika letu cha kuruka. Hata mbia yule tuliyemwona mwalimu, mwishoni mwa 2019 naye aliwekwa chini ya wasimamizi wa kumnusuru na ufilisi.

Kati ya 2006 na 2016 shirika lilipita mikononi mwa wakuu kadhaa, baadhi yao makaimu. Nakuomba msomaji usilipite neno hilo haraka. Kaimu ni mtu aliyekabidhiwa usukani na kuambiwa asiugeuze. Hawezi kufunga njia inayokula hasara, hawezi kumwondoa mkuu wa idara asiyefaa, hawezi kusaini mkataba wa miaka kumi. Anasubiri, na shirika linasubiri pamoja naye. Kufikia 2016 shirika la ndege la taifa la watu zaidi ya milioni 50 lilikuwa limebaki na ndege moja inayofanya kazi.

Ndipo likaja zama la kununua. Katika muda wa miaka minane hivi tulipata ndege za Bombardier, Airbus, Boeing za abiria na hata ya mizigo, na kundi likafika ndege zaidi ya kumi. Kila moja ilipokelewa uwanjani kwa maji, ngoma na hotuba. Sikejeli furaha hiyo; nami nilipoona twiga akitua juu ya bawa jipya moyo wangu uliruka. Lakini mwalimu ana wajibu wa kuuliza: njia zipi zilichaguliwa kwanza, ndipo ndege zikatafutwa za kuzifaa? Au ndege zilichaguliwa kwanza, ndipo njia zikatafutwa? Kundi dogo lenye ndege za watengenezaji watatu linahitaji marubani waliofunzwa kwa namna tofauti, mafundi tofauti, vipuri tofauti. Injini za Airbus A220 zilipopata tatizo lililozikumba kampuni nyingi duniani, ndege zetu zilikaa chini, na shirika dogo halina ndege za akiba. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeendelea kuonyesha hasara mwaka baada ya mwaka. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliliweka shirika hili katika orodha ya yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 ukapanua zuio hilo kwa mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Kununua ndege ni matumizi. Kuyaita matumizi mkakati hakuyabadilishi.

Hapa wapenzi wa soko huria hushangilia. Si tulisema? Serikali haiwezi biashara. Basi tumtazame ndugu wa pili.

Kenya Airways ilifanya kila kilichoandikwa katika vitabu vya ubinafsishaji. Mwaka 1996 iliingia Soko la Hisa la Nairobi, KLM ya Uholanzi ikiwa mbia mwenye asilimia 26. Kwa miaka mingi ilisifiwa katika madarasa ya biashara, likiwamo langu. Kisha mwaka 2012 uongozi wake ulizindua mpango wa miaka kumi ulioitwa Mawingu: kundi la ndege lingepanuliwa hadi kuvuka 100 na shirika lingefika kila bara lenye watu. Ulikuwa waraka mzuri sana kuusoma. Ndege mpya zilianza kuwasili, madeni yakawasili nazo, lakini abiria hawakuongezeka kwa kasi iliyoandikwa. Agosti 2013 moto uliteketeza jengo la abiria wa kimataifa la uwanja wa Jomo Kenyatta. Septemba lilitokea shambulio la Westgate na watalii wakapungua. Mwaka 2014 ukaja ugonjwa wa Ebola Afrika Magharibi, na bei ya mafuta ikaporomoka wakati shirika limejifunga kwa mikataba ya bei ya juu. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 lilitangaza hasara ya shilingi bilioni 25.7 za Kenya. Mwaka 2017 madeni yaligeuzwa kuwa hisa, na serikali ikarudi kuwa mwenye hisa mkubwa kuliko wote, ikishika asilimia 48.9.

Mtetezi wa uongozi ule atasema: nani angetabiri moto, magaidi na Ebola kwa pamoja? Hakuna. Lakini mpango unaosimama tu iwapo hakuna baya litakalotokea kwa miaka kumi, tena katika biashara ya ndege, ni ndoa ya mtu na matamanio yake. Nahodha hasifiwi kwa kuchora ramani ya bahari isiyo na mawimbi. Kwa haki niseme kwamba mwaka 2024 shirika hilo lilipata faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya muongo, na lilifika hapo kwa kujibana, si kwa Mawingu.

Ndugu mmoja alibaki wa serikali, mwingine akaenda sokoni, na wote wawili walizama. Basi umiliki peke yake hauelezi kitu.

Tumtazame yule rika wa mama yao. Ethiopian Airlines ni mali ya serikali kwa asilimia mia moja. Limepita chini ya mfalme, chini ya utawala wa kijeshi wa Derg uliojiita wa Kimarx kuanzia 1974 hadi 1991, na chini ya waliouangusha utawala huo. Nchi yake imepitia njaa na vita. Kwa kanuni za wapenzi wa soko lingekuwa limekufa mara tatu. Leo ndilo shirika kubwa kuliko yote barani.

Lilifanya nini? Nitataja machache yanayojulikana. Kwanza, lilijichagulia nafasi moja, kuiunganisha Afrika na dunia kupitia Addis Ababa, nalo likaishikilia kwa miongo wakati wengine walikuwa wakibadili mwelekeo kila awamu. Pili, kabla ya kujivunia ndege lilijenga watu: chuo cha marubani na mafundi, na karakana ya matengenezo inayohudumia pia ndege za wengine. Tatu, limelea viongozi wake ndani. Tewolde GebreMariam, aliyeliongoza kutoka 2011 hadi 2022, aliingia shirikani mwaka 1984 akiwa mfanyakazi wa ngazi ya chini. Mesfin Tasew, aliyempokea kijiti, naye aliingia mwaka huohuo wa 1984, kwa upande wa uhandisi. Nne, mpango wake wa miaka kumi na mitano, Dira ya 2025, haukutupwa pale mkuu mmoja alipoondoka na mwingine kuingia. Na janga la korona lilipofunga viwanja mwaka 2020, waling'oa viti katika baadhi ya ndege za abiria wakazijaza mizigo. Uamuzi kama huo hautoki kwa mtu anayesubiri barua ya maelekezo kutoka juu.

Sisemi Addis Ababa ni peponi. Dola ile imelilinda shirika lake dhidi ya ushindani wa ndani, na haikuwa dola ya kupigiwa mfano kwa haki za raia. Ninachosema ni kimoja: shirika la umma linaweza kuongozwa likaongozeka, iwapo mwenye mali atakubali kuwa mwenye mali na kuacha kuwa dereva.

Tulirudie basi neno lenyewe. Mwanazuoni wa Kanada Henry Mintzberg alionya tangu 1994 kwamba kupanga si kufikiri kimkakati: kupanga huvunja jambo vipandevipande, mkakati huviunganisha vipande kuwa mwelekeo. Mwaka 1996 Michael Porter wa Harvard aliliweka jambo kwa namna ambayo kila mwanafunzi wangu huiandika kwenye mtihani na kuisahau akipata kazi: kiini cha mkakati ni kuchagua usichokifanya. Hakuna aliyehitaji kwenda Harvard kulijua hilo. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Sisi tunashika sitini, halafu tunamwita mshauri elekezi atusaidie kushika sitini na moja.

Kwa nini viongozi wetu hawachagui? Si kwa upumbavu. Ni kwa hesabu. Mkuu wa shirika la umma huteuliwa, na aliyemteua anaweza kutengua usiku, naye akazisoma habari zake kwenye simu kama sisi sote. Mtu wa namna hiyo ana mteja mmoja tu, naye si abiria. Kuchagua ni kumkasirisha mtu: ukifunga njia ya ndege, mbunge wa huko atasimama, ukiunganisha idara mbili, mkurugenzi mmoja atapiga simu kwa mjomba wake. Kutochagua hakumkasirishi yeyote leo. Gharama yake huja baadaye, akiwa ameshahamia kwingine, na hulipwa na mwingine: wewe unayekatwa kodi kwenye mshahara na kwenye kila bando.

Bodi zinazopaswa kumlinda kiongozi jasiri na kumwondoa kiongozi mzembe mara nyingi hujazwa kwa fadhila. Anayestaafu siasa hupewa bodi kama ambavyo zamani mzee alipewa kiti barazani. Tofauti ni kwamba mzee wa barazani alilijua jambo linalojadiliwa. Na kampuni binafsi zisitabasamu. Zipo nyingi hapa ambazo bodi yake ni mwenye mali, mkewe na rafiki yake wa shule, na ambazo mkakati wake ni chochote alichoota bosi usiku.

Juu ya yote tumeigeuza sifa kuwa kazi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walisema. Siku hizi mgema hutenga fungu la bajeti la kujisifia. Nimesoma taarifa za mwaka za mashirika ambazo picha za mkuu ni nyingi kuliko majedwali ya hesabu. Penye sifa za namna hiyo hakuna mhasibu atakayethubutu kusema kwamba maji yanaingia jahazini.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Wako wanaosema: shirika la ndege la taifa si duka, lipo kwa ajili ya utalii, kuunganisha Kigoma, Songea na Mpanda na nchi yao, na heshima ya bendera, kulipima kwa faida ni kulionea. Nakubali nusu. Kama taifa limeamua kwamba ndege iende mahali ambapo nauli hailipi gharama, huo ni uamuzi halali wa kisiasa. Lakini uandikwe, upewe bei, na ulipwe na bajeti ya serikali mbele ya Bunge. Kumwamuru mkuu wa shirika apate hasara kwa ajili ya taifa, kisha kumlaumu kwa hasara, ni dhuluma. Na kumruhusu afiche uzembe wake wote nyuma ya neno uzalendo ni dhuluma kubwa zaidi, maana hapo hatutajua kamwe hasara ipi ni ya huduma na ipi ni ya kushindwa.

Basi nadai nini? Wakuu wa mashirika ya umma wapatikane kwa ushindani wa wazi, kwa mkataba wa muda maalumu wenye vipimo vinavyojulikana, na wasiondolewe kabla ya muda bila bodi kutoa sababu hadharani. Ukaimu usizidi miezi sita. Kila agizo la kisiasa linaloligharimu shirika litolewe kwa maandishi na lije na fedha zake. Hesabu zilizokaguliwa zichapishwe kwa wakati, kwa Kiswahili, kwa namna ambayo mwalimu wa sekondari anaweza kuzifuata. Na kila mpango mkakati uanze na ukurasa mmoja wenye kichwa hiki: Mambo Ambayo Hatutayafanya. Ukurasa huo ukiwa mtupu, fedha za utekelezaji zisitoke.

Najua jibu litakalokuja: mfumo upo, tulikuwa na OPRAS tangu 2004, sasa tuna PEPMIS. Ndugu watumishi wa umma, ninyi mnajua kuliko mimi jinsi fomu zile zilivyojazwa: mwisho wa mwaka, kwa haraka, mkubwa na mdogo wakikubaliana alama ili kila mtu aende nyumbani salama. Mfumo wa kompyuta haumpi mtu ujasiri ambao hakuwa nao kwenye karatasi.

Wanafunzi wangu hunijia wakisema wanataka kuwa viongozi. Nikiwauliza wa nini, wengi hutaja cheo. Kwao nina neno moja. Hamtaanza kuongoza siku mtakapopewa ofisi yenye zulia. Mtaanza siku mtakapokuwa wadogo kwenye kikao, rasimu mbovu ikipitishwa mbele yenu, na mkainua mkono.

Mimi siku ile Morogoro nilikuwa na shahada ya uzamivu, na sikuinua mkono. Mwezi uliopita nimepokea barua ya mwaliko kutoka taasisi nyingine: siku saba, hoteli ya ufukweni Bagamoyo, mpango mkakati wa miaka mitano. Nimejibu kwamba nitakuja kwa sharti moja, mkuu wa taasisi akae nasi siku zote saba, na siku ya kwanza nzima tujadili kitakachoachwa. Bado nasubiri majibu.